Neno la Mtani

Bahasha ya maswali ya mtihani ilitoweka Jumatatu asubuhi, na kufuli la mlango wa ofisi halikuwa hata na mkwaruzo. Mwaka ule wa 1954, darasa la sheria na upelelezi pale Tabora lilikuwa na askari ishirini. Watakaofaulu wangekuwa wapelelezi au makarani wa mahakama. Watakaoanguka, askari jela.

Inspekta Wenceslaus Kashindye, mwalimu wao, aliwapanga mstari.

"Nani aliingia ofisini?"

"Mimi, mtani!" alidakia Shomari, Mzaramo mwenye mdomo. "Bahasha ninayo mimi. Ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo tu; kukamata mwizi mtaweza wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Inspekta naye alicheka hadi akafuta machozi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na neno la mtani haliwekwi moyoni.

Kisha akamgeukia Jilala, aliyekuwa na zamu ya kufagia ofisi.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi, afande."

"Ulimpa mtu?"

"Hapana, afande."

"Mbona unatetemeka?"

Jilala alikuwa Mnyamwezi, mtu wa nyumbani kabisa, na Kashindye hakutaka isemwe kwamba anapendelea ndugu. Akamvua mkanda mbele ya wenzake, akamtia mahabusu, kisha akatunga maswali mapya.

Siku ya tisa, Katarina mpishi aliinua gunia la unga wa muhogo jikoni, akaiona bahasha. Kashindye akaipaka unga wa kuchukulia alama za vidole. Likatokea dole gumba lenye kovu la mshazari. Akapekua kadi za alama ambazo wanafunzi walichukuana wenyewe kwenye mazoezi. Ya kumi na nne ilikuwa na kovu lile lile, na jina la Shomari.

"Ufunguo uliupata wapi?"

"Mfukoni mwa Jilala, alipokuwa anaoga."

"Kwa nini?"

"Baba yangu amefungwa hapa hapa Tabora, afande. Ningeanguka, ningepewa kirungu nikamsimamie akilima. Mzee wangu aniite mimi 'afande'?" Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Na nilikuambia siku ile ile. Moyo ulinisuta, nikataka unikamate nipumue. Ukacheka. Kusema mara ya pili nikashindwa."

Miezi sita Kashindye alikuwa akiwafundisha kwamba mpelelezi hadharau neno la mtu yeyote.

Alikwenda mwenyewe kufungua mahabusu. Jilala aliruka akasimama wima, mkono mmoja ukishikilia suruali isiyo na mkanda.

"Aliyeiba ni mwingine," Kashindye alisema. "Nimekukosea, mdogo wangu. Nisamehe."

"Ahsante, afande!" Uso wa Jilala ulichanua. "Basi niruhusu nikimbie nikajisomee. Mtihani lini?"

Inspekta alitazama sakafu.

"Ulifanyika jana."