Mafuta ya Chediel Hayakuchacha

— Raheli, haya majibu umeyapika?

Dokta Amne alisukuma daftari la maabara mbele yake. Raheli alikuwa mwaka wa tatu wa baiokemia chuoni Dodoma, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho: mafuta ya alizeti yanayouzwa barabarani kwao Issuna, yakikaa juani wiki nane, yanachacha kiasi gani?

— Sijapika, Madam. Nimepima mara tatu.

— Chupa za juani na za kivulini zimelingana. Wiki nane za jua la Singida, halafu mafuta mapya kama yamekamuliwa jana? Mafuta hayana adabu hiyo. Nikipeleka hivi, unarudia mwaka. Nakupa hadi Ijumaa uniambie kilichotokea.

Raheli alitoka. Chupa zilitunzwa na Chediel, mchumba wake, kwenye kibanda chake cha mafuta. Posa ilishapokelewa, na harusi ilisubiri mahafali ya Novemba tu. Akampigia.

— Chedi, zile chupa za juani, uliziacha juani?

— Kwa nini unauliza?

Akaanza kukohoa. Chediel hajui kudanganya. Akijaribu tu, kikohozi kinamshika.

— Chediel.

— Zilikaa, mpenzi. Ila siku moja kabla hujaja kuzichukua, nikafungua moja. Ikanipiga harufu. Nikasema, hivi mafuta yangu yakanuswe na madaktari wa chuo, wakuulize umeyatoa kwa nani? Nikayamwaga, nikajaza mapya.

— Chupa zote za juani?

— Zote. Na niliziosha vizuri kabisa.

Kama si machozi, angecheka. Mwanaume huyu alikuwa ameua utafiti wake kwa mapenzi matupu.

— Nilitaka yanuke, Chediel. Wiki nane nilikuwa nayasubiri yanuke. Sasa naonekana mwongo. Sihitimu, na harusi ndiyo hiyo imekwenda.

Akakata simu. Baadaye ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Sikutaka uaibike."

Akajibu: "Hukutaka WEWE uaibike. Usinipigie."

Alhamisi, Raheli akiwa ofisini kwa Dokta Amne anajieleza, mlango uligongwa. Akaingia Chediel, shati la kanisani, viatu vumbi tupu.

— Shikamoo, Dokta. Mafuta nilibadilisha mimi. Huyu binti hakujua lolote.

— Marahaba. Na wewe ni nani?

— Mwenye mafuta mabovu.

Dokta Amne aliinamia karatasi zake ili asionekane anacheka.

— Haya. Atarudia jaribio, wiki nane nyingine. Mwaka hatarudia, lakini mahafali ya Novemba yatampita.

Nje ya ofisi walisimama kila mmoja upande wake.

— Baba anajua? Raheli aliuliza.

— Nilipita kwake jana.

— Bila mshenga?

— Mshenga angenipamba. Nilimwambia mwenyewe, harusi imesogea na kosa ni langu.

— Akasemaje?

— Alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema, anayeficha mafuta yaliyochacha ataficha na mengine, kwa hiyo hilo nije nilimalize na wewe.

— Na wewe unasemaje?

— Sitakuficha kitu, Raheli. Hata kama kinanuka.

Raheli alimpenda upya palepale, hasira ikiwa bado imemkaa kifuani. Hakumwambia. Alimwambia tu kwamba chupa mpya zikifika kibandani asizisogelee.

Hakuzisogelea. Hata kuzipangusa vumbi aliomba ruhusa kwa ujumbe, akanyimwa. Wiki nane zilipokwisha Raheli akazipima, mara tatu kama mwanzo. Dokta Amne alinusa chupa moja, akakunja uso, akatia sahihi. Raheli akakimbilia nje na simu.

— Chedi, mafuta yako ni mabovu kuliko yote niliyowahi kupima.

Upande wa pili akasikia mtu mzima anavuta kamasi.

— Asante, mpenzi.

— Na chupa za kuuza uzitoe juani leo hii, watu wanakula.

— Nimeshazitoa. Nimejenga na kivuli.

— Basi mwambie mshenga akamwone baba, wapange tarehe.

— Tarehe ya baada ya mahafali ya mwakani?

— Ya mwezi ujao. Mahafali utanisindikiza nikiwa mke wako.