Kikao Kilichorukwa

Jumapili ya Rosettenville, mtaa wa wahamiaji huko Afrika Kusini, ilianza kwa viti. Orpha na wenzake walifika mapema kuliko watu wazima, wakafungua ukumbi ambao zamani ulikuwa gereji, wakafagia na kupanga viti vya plastiki. Harufu ya oili haikuwahi kutoka sakafuni, na kina mama wa kwaya walikwisha kuizoea. Ibada ikianza haikuisha upesi, maana watu wa Bukavu na Lubumbashi wakimwimbia Mungu hawatazami saa. Watoto walipomaliza masomo yao walibaki kucheza uani hadi alasiri.

Watoto hao walikuwa na serikali yao. Usicheke. Wakongo watatu wakikutana ugenini, mmoja ni prezida, wa pili makamu, wa tatu mtunza hazina, na watoto huiga wanayoyaona nyumbani. Prezida wao alikuwa Glody, mvulana wa miaka kumi na minne ambaye sauti yake ilikwisha kuwa nzito. Chini yake walikuwa vijana wa protokoli, wale wenye mikanda ya njano begani wanaokalisha wageni na kulinda lango. Kando yake ilikuwapo kamati, na spika wa kamati alikuwa Orpha, mwenye miaka kumi na miwili. Akiitwa Mheshimiwa Spika, shingo yake ilirefuka kidogo.

Aliyewasaidia kutunga sheria ni Mwalimu Kathambi, Mkenya aliyefundisha sheria chuo kikuu siku za kazi, na watoto wa kanisa siku ya Jumapili.

"Rais ni amiri jeshi mkuu," aliwaambia, "lakini jeshi si mali yake. Kule Marekani, katiba imelikabidhi bunge lao, linaloitwa Kongresi, uwezo wa kutangaza vita. Hapa Afrika Kusini, rais akiwatuma wanajeshi ni lazima aliarifu Bunge upesi na kueleza sababu. Mnadhani ni kwa nini?"

"Kwa sababu rais anaweza kukosea," alijibu Orpha.

"Anaweza pia kukasirika," alisema Mwalimu. "Ndiyo maana huwekewa watu wa kumuuliza."

Basi wakakubaliana. Mtu akiingia langoni kwa nia mbaya, prezida awaamuru protokoli wamzuie papo hapo, bila kuomba ruhusa. Lakini kutoka nje ya lango kumfuata mtu, hapana, mpaka kamati ikae, iulize maswali, ikubali, na Mwalimu ajulishwe. Watoto wote walipiga makofi. Sheria ikishapigiwa makofi, watu hudhani imekwisha kufanya kazi yake.

Mwezi wa Februari mwaka 2018, mawe yalianza kuanguka juu ya mabati ya ukumbi. Jiwe moja lilianguka katikati ya maombi, jingine wakati wa sadaka. Waumini waliinua macho, kisha wakatazamana. Walikuwa wageni katika mji huu, na walijua mawe huweza kuwa mwanzo wa kuchomewa na kufukuzwa. Pasta Évariste aliomba kwa sauti ya juu zaidi. Jumapili iliyofuata jiwe likavunja kioo cha gari la Papa Pitchou, mmoja wa waumini, na Glody akapanda juu ya ndoo.

"Ni wale batoto ba mtaa wa nyuma," alisema. "Leo tunaenda kuwafundisha adabu. Protokoli, chukueni fimbo."

Orpha alisogea. "Prezida, kamati haijakaa."

"Kamati ikikaa itaongea mpaka Jumapili ijayo. Hii si vita, Mheshimiwa Spika. Ni kwenda na kurudi. Ama unaogopa?"

Watoto walimtazama. Orpha alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na neno hilo moja lingetosha, kwa kuwa protokoli walikwisha kula kiapo cha kumsikiliza spika. Lakini naye alikuwa na hasira. Zaidi ya hasira, alichukia kuitwa mwoga mbele ya watu. Alihisi mtu akimvuta gauni. Alikuwa Masika, kitoto cha miaka saba.

"Dada Orpha, mimi najua mawe..."

"Nyamaza, wakubwa wanaongea," Orpha alimwambia, kisha akamgeukia Glody. "Nendeni. Rudini haraka."

Protokoli wakafungua lango, Glody akawatangulia, wakatoka na vipande vya mpira wa maji na mipini ya mifagio. Orpha alibaki amesimama langoni, kwa hiyo aliona yote.

Barabarani palikuwa na mtoto mmoja tu, akitoka kwenye spaza, kiduka cha mtaani, na mkate kifuani. Aliitwa Lwandle, lakini jina lake walilijua baadaye. Alipowaona vijana wenye fimbo wakimjia, alifanya ambacho mtoto yeyote angefanya.

"Anakimbia," alisema Glody. "Basi ni yeye."

Walimfikia kwenye kona, karibu na robot, zile taa za kuongoza magari. Lwandle aliwauliza kwa Kizulu amefanya nini, na hakuna aliyemjibu, ingawa wote walikielewa. Walimpiga mgongoni, wakampiga miguuni, na alipoanguka waliendelea. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Alexis, kijana wa mwisho katika mstari wa protokoli. Pigo lake la mwisho lilitua usoni. Mkate ukakanyagwa mpaka ukawa unga wa barabarani.

Walirudi wakiimba. Watoto uani wakawapigia makofi yaliyosikika hadi kwenye kona, na Orpha naye akapiga, mpaka viganja vikamwasha.

Makofi yalipopoa Masika alimvuta tena, safari hii hadi nyuma ya choo. Mti wa pichi wa yule bibi Mreno, jirani yao, ulikuwa umeinamia paa la ukumbi, umejaa matunda. Chini yake palikuwa na kokwa zilizotafunwa na rundo dogo la mawe.

"Alexis ndiye anatungua pichi," alisema Masika. "Jiwe likikosa pichi linaangukia kwenye bati. La leo likaangukia gari. Nilitaka kukuambia."

Orpha aliketi palepale. Swali moja tu, nani ameona mawe yanatoka wapi, lingejibiwa na mtoto wa miaka saba. Hakuliuliza. Kibaya zaidi, sasa alikuwa na jibu na hakumpelekea mtu. Siku zote za wiki hiyo alikwenda shule, akarudi, akala, na akaosha vyombo. Habari zikaja zenyewe: yule mtoto amelazwa, na madaktari wameshindwa kuliokoa jicho la kushoto.

Glody alipozisikia, aliwakusanya watoto kando.

"Tutasema hivi. Alikuwa ameingia ndani ya lango, ana mawe mkononi. Sheria inaniruhusu kulinda lango. Mwenye kusema tofauti anawachomea wazazi wetu kanisa."

Jumapili iliyofuata watu wa mtaa wa nyuma walikuja. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwenye shali, nyanyake Lwandle, ambaye kila mtu alimwita Gogo. Kando yake alisimama mwanamume mwenye ovaroli. Kwaya ilinyamaza katikati ya wimbo, na kina mama wakawavuta watoto wao karibu. Pasta Évariste alitoka na mikono wazi. Gogo na wenzake walisema Kizulu tu. Pasta alijua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza cha kuombea chakula. Mwalimu Kathambi, pamoja na elimu yake yote, Kizulu hakukijua.

"Orpha, wewe umezaliwa hapa," alisema Pasta. "Njoo utafsiri."

Orpha alisimama katikati yao. Mwanamume wa ovaroli alianza, naye akatafsiri.

"Anasema, wengine kwao walitaka kuja siku ileile, na wasingekuja mikono mitupu. Anasema waliitisha kikao cha mtaa kwanza, wakabishana sana. Wakaamua waje kuuliza kabla ya kufanya lolote."

Mwalimu Kathambi aliinamisha kichwa. Kisha Gogo akasema, taratibu, akimtazama Pasta.

"Anasema," Orpha alitafsiri, "mjukuu wake alitumwa mkate. Anauliza alikosa nini."

Glody alijitokeza. "Aliingia langoni akiwa na mawe. Nilikuwa nalinda kanisa. Mwambie."

Watu wote walimngoja Orpha. Ndipo alipoona jinsi ilivyokuwa rahisi. Wazee wa kanisa hawakujua Kizulu, Gogo hakujua Kiswahili, na maneno yote yalipita kinywani mwake. Angeweza kumpelekea Gogo uongo wa Glody, nao ungefika kama amana. Glody alimkazia macho. Nyuma ya Glody, Masika naye alikuwa akimtazama.

Alimgeukia Gogo, akaongea Kizulu. Kisha akageuka, akayarudia yaleyale kwa Kiswahili, ili asimfiche mtu.

"Nimemwambia Glody anasema mtoto aliingia langoni. Nimemwambia si kweli. Lwandle alikuwa barabarani. Mawe yalikuwa yetu, Alexis alikuwa akitungua pichi. Glody alitoa amri bila kikao."

Alexis alianza kulia. Gogo hakumtazama. Aliuliza swali fupi, na safari hii Orpha alichelewa.

"Anasemaje?" aliuliza Pasta.

"Anauliza, hapakuwa na mtu wa kumzuia?"

Orpha aliinua mkono wake mwenyewe, akamwambia Gogo kwa Kizulu, machozi yakimtoka: nilikuwepo mimi.

Gogo alijifunga shali yake vizuri. Hakumpiga, hakumtukana, wala hakumshika bega kama mabibi wanavyofanya. Alisema maneno machache, na Orpha akalazimika kuyatafsiri na hayo.

"Anasema machozi yangu nikae nayo. Anasema amepata alichokuja kuuliza. Sasa anakwenda polisi."

Akaenda. Watu wa mtaa wakamfuata bila kugusa kitu, hata kioo. Kesi ikafunguliwa, na Glody na Alexis wakafikishwa mbele ya hakimu wa watoto pamoja na wazazi wao. Bibi Mreno akaukata ule mti wa pichi. Mawe yakakoma, na kanisa likabaki mahali pake, lakini jicho la Lwandle halikurudi.

Alasiri ya siku ileile Gogo alipokuja, Orpha alimfuata Mwalimu Kathambi alipokuwa akifunga lango.

"Mwalimu, mimi sikumpiga."

Alitumaini kufarijiwa. Mwalimu alifunga kufuli kwanza.

"Hukumpiga. Kazi yako haikuwa kupiga wala kutopiga. Kazi yako ilikuwa kumsimamisha mwenye fimbo mpaka aeleze anampiga nani na kwa nini. Glody aliivunja sheria, nawe ndiye uliyeifungulia mlango. Leo umesema kweli, na nimefurahi. Umeisema baada ya jicho kupotea, na hilo utaishi nalo. Mkubwa akikuambia hakuna muda wa kuuliza, Orpha, huo ndio wakati wa kuuliza."

Orpha aliondolewa uspika, naye hakupinga. Protokoli walivuliwa mikanda. Miezi ikapita, kamati mpya ikachaguliwa, na mama mmoja akaomba watoto walinde tena lango na magari. Wakakaa uani kuamua. Wa kwanza kuulizwa ameona nini alikuwa Masika. Waliulizana mpaka jua likawachoma, kisha wakakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeshika fimbo, na kwa furaha wakapiga makofi.

Nje, Lwandle alikuwa anapita upande wa pili wa barabara na mkate kifuani. Orpha alimwona kupitia lango. Makofi yalipolia, Lwandle aligeuza kichwa chote, kama anavyofanya siku hizi ili aone upande wa kushoto, akaangusha mkate, akakimbia.

Hakuna aliyekuwa akimfukuza. Makofi yalikatika moja moja mpaka yakaisha. Mwalimu Kathambi alifungua lango, akauokota mkate, akaupangusa vumbi na kumkabidhi Orpha.

"Mpelekee Gogo," alisema. "Na akikuuliza tulikuwa tunashangilia nini, mweleze."

Orpha akaenda peke yake, mkate mikononi. Tangu siku hiyo watoto wa kanisa lile wakikubali jambo huinua mikono tu, na makofi hawapigi.