Swali la Bosi

Kila mchana kinyozi alifunga kibanda chake kwa muda. Si kwamba wateja walikuwa haba. Ilikuwa zamu ya mteja wake mgumu kuliko wote, mwanawe wa miaka saba. Mtaa mzima ulimwita Bosi, maana alibebwa, akalishwa, akafutwa uso, na hakumshukuru mtu.

Bosi hakuweza kutembea wala kusema. Shingo yake ilikuwa legevu. Ila macho yake yalikuwa na maneno mengi. Akikukazia macho, ulijua umemchelewesha.

Baba alimweka kwenye kiti cha kunyolea. Akakilaza kiti nyuma, kama anavyofanya kwa mtu wa kunyoa ndevu. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuja na bakuli la uji.

"Haya, fungua mdomo, Bosi wangu."

Bosi akapaliwa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama akaweka kijiko chini. Mtoto alikuwa anakonda, na alikuwa ametoka kulazwa kwa nimonia.

"Baba Bosi, mtoto huyu atatufia na chakula mdomoni."

"Usiseme hivyo. Mungu yupo."

"Yupo, lakini uji wote uko kwenye shati."

Mlango uligongwa. Alikuwa nesi wa zahanati ya mtaa. Kabla hata ya kusema kilichomleta, alikitazama kile kiti.

"Nani amemlaza hivyo?"

"Mimi," alisema baba kwa fahari kidogo. "Kiti hiki kimelaza wazee wazima, na ndevu zao hazijalalamika."

"Ndevu hazimezi, Baba Bosi. Hebu tazama juu darini, kisha umeze mate."

Baba alijaribu. Alihangaika, akashika koo.

"Ndivyo anavyokula mwanao kila siku," nesi alisema. "Kichwa kikilala nyuma, chakula huteleza kuelekea njia ya hewa. Kikiingia mapafuni, huleta nimonia."

Wakakiinua kiti. Nesi akakunja taulo mbili, akazichomeka ubavuni mwa Bosi ili asiinamie upande. Miguu ikakanyaga mahali pagumu. Kidevu kikashuka kidogo.

"Uji uwe mzito. Kijiko kidogo. Ngoja ameze, ndipo umpe kingine. Akimaliza, aendelee kukaa wima kwa muda. Akiendelea kupaliwa, msimlazimishe, mleteni zahanati."

Bosi akameza. Akameza tena. Mama hakufurahi. Alikasirika.

"Miaka saba, Nesi! Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hilo ndilo hasa lililonileta. Watafiti wa nchi nyingi wanataka kujua maswali gani kuhusu watoto wenye ulemavu wa ukuaji yatafutiwe majibu kwanza. Hawawezi kuyachunguza yote kwa pamoja. Wanataka kuwasikia wazazi, kwa hiyo tutafanya mkutano zahanati."

"Mimi na cherehani yangu, utafiti naujulia wapi?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mama Bosi. Wao hawajakilalia."

Baba alidakia. "Waambie watafute sababu. Watu wanasema mama yake ndiye aliyekosea. Nataka wanyamaze."

Mama aliinama. Maneno hayo aliyajua, na yalimuuma.

Siku ya mkutano, wazazi walitoa maswali yao pale zahanati. Nesi alichora picha ya kila swali, akaweka bakuli chini yake. La kwanza: nini husababisha ulemavu? La pili: wazazi wafundishwe vipi kuwatunza watoto, karibu na nyumbani? La tatu: watoto watapataje shule na marafiki? Kila mtu alipewa kifungo kimoja cha koti, aweke katika bakuli alilotaka.

Mama Bosi alisimama.

"Mwanangu alikuwa anakonda kwa sababu sisi hatukujua namna ya kumkalisha. Wako wengi kama sisi. Nani atawafikia, na kwa njia gani? Hilo litangulie."

Vifungo vikamiminika katika bakuli la pili. Baba alisimama na chake mkononi, akilitazama la kwanza. Mwisho akakitia katika la pili.

"Sababu nitaisubiri," alisema. "Njaa haisubiri."

"Na Bosi je?" mama akauliza.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kuwauliza watoto. Nesi akatoa kifungo kingine, na baba akambeba Bosi, akampitisha mbele ya mabakuli. Macho ya Bosi yaliteleza kwenye la kwanza, yakateleza kwenye la pili. Penye la tatu, lenye picha ya watoto na mpira, yakaganda. Baba alipotaka kuondoka, Bosi alipiga kelele. Kifungo chake kikaingia pale, peke yake.

"Maswali yote nitayapeleka," nesi alisema. "Na hili nitasema limetoka kwa mwenyewe."

Majibu ya watafiti hayajafika, maana kazi hiyo huchukua miaka. Lakini Bosi amenenepa, na nimonia haijarudi. Naye baba hakungoja. Alinunua mpira, akawaita watoto wa jirani waje wauviringishe miguuni kwa Bosi.

Siku ya kwanza, mama alikuwa anashona ndani. Ghafla akasimamisha cherehani. Alizijua sauti zote za mwanawe: ya njaa, ya maumivu, ya kupaliwa. Hii hakuijua. Akatoka mbio nje.

Bosi alikuwa anacheka.