Namba Kumi na Saba Asiambiwe

"Hii sahihi ya nani?"

Korido ya taasisi ilikuwa na watu, wengine wanapita na mafaili, wengine wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa. Fundi hakumjali yeyote. Alisimama katikati ya njia, karatasi mkononi, na karatasi ilikuwa inatetemeka. Nyuki ndiyo kwanza anatoka chumba cha mashine, glavu moja ameivua, nyingine bado.

"Nakuuliza wewe. Hii sahihi ya nani?"

Nyuki aliitazama. Ilikuwa picha ya ubongo. Chini yake paliandikwa "Imesomwa na," kisha sahihi.

"Yangu."

"Na tarehe?"

"Fundi, twende nje tukaongee."

"Nisomee tarehe. Macho ninayo, ila nataka niisikie kwa mdomo wako."

"Tarehe tisa, mwezi wa pili."

"Haya. Na siku uliyonipigia ukasema harusi isubiri kwanza, kazi imekubana?"

Nyuki akaanza kuvua glavu ya pili.

"Tarehe kumi na moja," Fundi alijijibu mwenyewe. "Siku mbili tu. Miezi minane nimekaa najiuliza ni mwanaume gani kanizidi. Nimechunguza mpaka walinzi wa hapa getini! Kumbe hakuna mwanaume. Kuna picha."

"Sikutakiwa kujua ni wewe. Picha zinakuja na namba, hazina majina. Halafu kwenye fomu wewe mwenyewe ulisema..."

"Fomu iache. Mkono umenisumbua, nimetoka sasa hivi kwa Profesa wako kuomba picha yangu mwenyewe. Anasema alikuuliza kama unamjua mwenye hiyo picha. Ulimjibu nini?"

Nyuki akageuka kuutazama mlango wa chumba cha mashine.

"Ulimjibu nini, Nyuki?"

"Nilisema simjui."

Fundi alijaribu kuikunja karatasi. Mara ya kwanza ikamponyoka, mara ya pili ikakunjika vibaya, akaisokota hivyohivyo mfukoni.

"Sawa. Basi na tusijuane."

Akaondoka. Mkono wa kushoto ulikuwa unapunga kama wa mtu yeyote anayetembea. Wa kulia ulining'inia tu, na Nyuki, ambaye ameangalia watu wakitembea kwenye korido hiyo kwa miaka saba, alijua maana yake.

Msomaji, usianze kumtupia mawe. Yatatosha, hata mimi ninayo machache. Ila kwanza nikurudishe nyuma.

Huyu dada amesomea fizikia ya nyuklia mpaka vitabu vikamchoka. Kazi yake iko chini kabisa ya jengo, kwenye mashine inayorusha chembe ndogo mno kwa kasi ya ajabu, zikagonge maji maalumu, na hapo ndipo inapopatikana dawa yenye mionzi. Mtu akichomwa sindano ya dawa hiyo, kamera inaziona zile sehemu za ubongo zinazoendesha mwili, mkono, mguu, hata tabasamu. Dawa yenyewe haina subira. Kila baada ya saa moja na dakika hamsini nusu yake imeshakwisha, kwa hiyo inatengenezwa alfajiri na kutumika asubuhi ileile.

Fundi naye ni mwandishi wa mabango. Ukiona jina la duka limeandikwa kwa rangi, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, ujue kapita hapo. Aliitwa taasisi kuandika mlango wa chumba cha mashine: HATARI. MIONZI. USIINGIE BILA RUHUSA. Alipomaliza akamgeukia mtaalamu aliyekuwa anamsimamia.

"Dada, hiyo hatari ndiyo wewe?"

"Soma mstari wa mwisho," alijibiwa.

"Basi naomba ruhusa."

Ndivyo walivyoanza. Kutoka nyuklia akamwita Nyuki, na jina likaganda mpaka kwa mama mkwe mtarajiwa. Baada ya miaka miwili harusi ikapangwa, na Fundi akaapa kwamba kadi zote mia mbili ataziandika kwa mkono wake, hakuna cha kuchapisha. Akakaa wiki tatu anaandika. Dada yake alipozipitia akaangua kicheko.

"Kaka, hizi za mwisho umewaalika sisimizi? Mbona herufi zinakwenda zikisinyaa?"

"Wino ulikuwa unaniishia."

Wote wakacheka. Nyuki naye alicheka, tena sana. Na yeye ndiye mtu pekee pale sebuleni aliyejua kwamba mwandiko unaosinyaa ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Ameyasoma, ameyaandika, ameyasimamia jukwaani akiwafundisha wengine. Lakini mapenzi hayasomi ripoti.

Mwezi wa pili utafiti wa taasisi kuhusu ugonjwa huo ukapungukiwa na watu wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa. Nani aliyemwita Fundi? Nyuki mwenyewe.

"Njoo utusaidie. Sindano moja, unalala saa nzima, basi."

"Nitang'aa gizani?"

"Utang'aa mchana."

Akaja. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili. Iwapo tutaona jambo lolote kwenye picha yako: *niambiwe*, au *nisiambiwe*. Fundi akaweka tiki pale pa *nisiambiwe*, huku akicheka.

"Wataona nini humu kichwani zaidi yako?"

Siku iliyofuata picha za namba kumi na sita, kumi na saba na kumi na nane zikafika mezani kwa Nyuki. Kwa mtu mwenye afya, sehemu zile mbili zinazomeza dawa huonekana kama alama mbili za mkato, kila moja na mkia wake. Ugonjwa ukianza, mkia unakatika, inabaki nukta. Namba kumi na saba alikuwa na mkato mmoja na nukta moja. Nyuki akasogeza picha ya fuvu, na juu ya sikio la kulia akakiona kibonyeo kidogo. Alikijua. Fundi alianguka na ngazi zamani akijifunza kazi, na mara ngapi Nyuki amekigusa kwa kidole wakiwa wamekaa tu!

Akapanda ngazi hadi kwa Profesa, daktari wa mishipa ya fahamu anayeongoza utafiti, mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Namba kumi na saba aambiwe."

"Ameweka tiki wapi?"

"Nisiambiwe."

"Basi asiambiwe. Ni haki yake, na ugonjwa huu hatuna cha kuuzuia." Kisha Profesa akavua miwani. "Mbona umebadilika rangi? Unamjua?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno moja tu.

"Hapana. Simjui."

Baada ya siku mbili akapiga simu kuahirisha harusi.

Turudi sasa kwenye siku ile ya korido. Haikupita hata nusu saa tangu Fundi aondoke, simu ya Nyuki ikaita. Alikuwa dada yake Fundi.

"Wifi, umemfanya nini kaka yangu? Kaingia hapa kapita moja kwa moja chumbani, kajifungia."

"Wifi, nilikuwa..."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Mwezi wa pili."

Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa, wifi ametoka nje.

"Mwezi wa nne alianguka kwenye jukwaa la kupakia rangi, orofa ya pili," wifi alisema, sauti imeshuka. "Tukamcheka, tukasema uzee umemwingia. Ulikuja kumwona na matunda. Ulikaa pale kitandani ukammenyea chungwa. Wifi! Ulimmenyea chungwa na ulikuwa unajua?"

Nyuki alikata simu kwa sababu kilio kilimzidi. Akaandika ujumbe:

"Fundi naomba nije nikueleze. Nisikilize mara moja tu, halafu ufanye utakavyo."

Haukujibiwa siku hiyo, wala ya pili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jibu likaja: "Niko karakana."

Karakana ilinuka rangi na tapentaini. Fundi alikuwa ameinamia ubao, penseli na rula mkononi, anachora mistari miwili miwili kabla ya kugusa brashi. Zamani hakuwahi kuhitaji mistari.

"Hodi."

"Pita. Angalia usikanyage kopo."

Nyuki akaiangalia mistari.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Nimegundua mwenyewe. Nikiweka mistari, herufi hazisinyai. Mkono unapata pa kushikilia."

"Ni kweli. Ubongo unatumia njia nyingine..." Akajikatiza.

"Malizia tu. Wewe ndiye unayeujua ubongo wangu."

Nyuki akakaa juu ya debe lililofunikwa bila kukaribishwa.

"Ningeweza kukuambia ni sheria. Ningesema fomu, ningesema Profesa. Sivyo. Jana nilimwambia Profesa ukweli, na unajua kanijibu nini? Ningesema nakujua, angenitoa kwenye picha yako, halafu angekuita akuulize upya, kama bado hutaki kuambiwa. Njia ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeifunga."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nawaona kila siku. Mwaka wa kwanza mtu anakuja kwa miguu yake, anatutania. Wa tano anashikwa mkono. Wa kumi mkewe ndiye anayemjibia maswali. Nikakaa pale mezani nikapiga hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Ya miaka yako mizuri iliyobaki."

Fundi akaweka penseli chini.

"Ikatoka mingapi?"

"Fundi, tafadhali."

"Wewe mtu wa hesabu. Ikatoka mingapi?"

"Minane. Labda kumi."

"Na ukaona haitoshi."

Nyuki aliinamisha kichwa. Machozi yakadondokea kwenye beji ya kupimia mionzi aliyosahau kuivua, ile inayoandika kila hatari iliyompata mtu na haijawahi kuandika kitu cha maana.

"Mimi kwako ningechukua hata mmoja," Fundi alisema taratibu.

"Turudiane. Twende tukafunge ndoa, hata wiki hii. Sitaki sherehe, sitaki kadi."

"Nikuulize kitu, na unijibu kweli. Picha ingekuwa safi, ungeahirisha?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Nyuki alikuwa amefika mwisho wake.

"Hapana."

"Haya." Fundi akafuta vumbi la penseli kwa kiganja. "Ile tiki niliwawekea watafiti. Kwako wewe sikuweka tiki popote. Wewe ulitakiwa uje na uso wako huohuo uliouvaa leo, ukae hapohapo kwenye debe, uniambie, tulie wote. Miezi minane nimepanda majukwaa. Miezi minane nimekununia wewe kwa kosa ambalo hukulifanya, na lile ulilolifanya nikakushukuru nalo, nikasema mwanamke gani huyu, hata baada ya kuahirisha harusi anakuja na machungwa."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kukusamehe hakunishindi." Akaichukua tena penseli. "Nakupenda, sikufichi. Ila siku nikianguka, nataka anayeniinua asiwe anahesabu."

Hakumfukuza. Alimsindikiza hadi mlangoni kama anavyosindikizwa mgeni, akamwonyesha pa kukanyaga kati ya makopo. Na hilo ndilo lililomuua Nyuki njia nzima.

Alituma ujumbe mwingi baada ya hapo. Wa mwisho ulisema, "Nimetoa kadi kwenye kabati. Ya kwanza kabisa herufi zake kubwa mpaka zinatoka nje ya kadi. Naomba nibaki nayo." Fundi alijibu neno moja: "Baki."

Mwezi wa pili ukarudi. Alfajiri moja Nyuki alikuwa amekwisha kuwasha mashine, Profesa akashuka hadi chini, jambo asilolifanya kamwe, na daftari kwapani.

"Leo tuna mmoja wa marudio. Namba kumi na saba. Amehamia kundi la wagonjwa." Akafungua daftari, maana siku hizi kila mtaalamu huulizwa kwa maandishi kabla ya kazi. "Unamjua mshiriki huyu?"

Nyuki alijua jibu hilo litamgharimu nini. Picha ile ingempa kuona kilichobaki cha mtu wake, mkia wa mkato umefupika kiasi gani, na nukta imefifia vipi.

"Namjua."

"Kwa namna gani?"

"Alikuwa awe mume wangu."

Profesa akaandika, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Basi hutaisoma picha yake, wala hutaiona."

"Najua. Na dawa? Nimpishe mtu mwingine aitengeneze?"

"Hilo amelijibu mwenyewe."

Akampa fomu. Safari hii tiki ilikuwa kwenye *niambiwe*. Chini yake, Fundi alikuwa amechora mistari miwili ya penseli kwa rula, na kati ya mistari hiyo ameandika, herufi zote kimo kimoja, zimesimama wima kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho:

*Picha yangu asisome yeye. Dawa atengeneze yeye.*

Nyuki aliisoma mara mbili, akairudisha. Akanawa mikono, akavaa glavu, akaingia kupitia ule mlango wa HATARI. Alipima dawa mara tatu badala ya mara moja. Saa mbili kasoro akaiweka chupa kwenye kasha lake la madini ya risasi, yale yanayozuia mionzi, akalisukuma kwenye kidirisha cha ukutani, na mikono ya nesi upande wa pili ikalipokea.

Ukuta ule ni mnene, lakini kidirisha kilichelewa kufungwa. Akamsikia Fundi akimuuliza nesi kama leo atang'aa, nesi akicheka. Halafu zikafuata hatua zake kuelekea kitandani, mguu wa kulia ukiburuzika kidogo nyuma ya wa kushoto.

Nyuki akafunga kidirisha, akaandika saa kwenye daftari, akakaa.