Dakika ya Arobaini na Saba

Hakuna kitu kilichomkera Sekela kama mteja anayerudisha muvi. Muvi si kiatu, useme kinabana. Umeleta flashi yako, umewekewa unachotaka, umeangalia na familia yako mpaka mwisho, sasa malalamiko ya nini? Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai, Anord kinyozi alipovuka barabara na mashine ya kunyolea mkononi akasema muvi yake ina kasoro, Sekela hata hakuinua kichwa.

"Kasoro gani?"

"Kuna mtu anakohoa ndani."

"Muvi ya kutisha hiyo, Anord. Watu wanakohoa, wanapiga kelele, wanakufa. Ulitaka waimbe kwaya?"

"Nisikilize basi, dada. Huyu hayumo kwenye muvi. Anakohoa pembeni ya sauti ya mdogo wako Sedekia anapotafsiri. Mara ya kwanza nilipoiangalia hakuwepo. Jana nimeirudia, yupo."

Sekela akasonya. Baridi ya Mbalizi ilikuwa kali, na dukani walikuwepo watu wawili tu, Anord na mzee mmoja wa koti la sufi aliyekaa kwenye benchi, kimya, kama wanavyokaa wote wanaosubiri simu zao zichajiwe. Pale ndani palinuka ugoro. Sekela alikuwa haupendi ugoro, lakini mzee wa watu utamwambia nini? Akaipokea flashi ya Anord na kuichomeka kwenye kompyuta.

Duka lake lilijulikana kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, ZA KUTISHA ZA KURUDIA, orodha aliyoiandika kwa mkono wake. Watu walikuja mpaka kutoka Tunduma kuisoma. "Muvi ya kushtua ni ya mara moja," aliwaambia. "Ukishajua paka ataruka, mara ya pili unacheka. Ya kurudia ni ile ambayo mara ya pili unamwona aliyekuwepo tangu mwanzo, amekaa pale pale, na wewe ulikuwa unaangalia mlango." Palikuwepo ya Kikorea, ya lifti inayoshuka kwenye ghorofa ambalo halipo. Palikuwepo ya Kinaijeria, ya mke anayepakua sahani moja zaidi kila jioni. Na juu ya zote palikuwepo Mkeka wa Marehemu, ya Kiindonesia, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: DAKIKA YA 47, RUDIA.

Hiyo aliitafsiri Sedekia, mdogo wake. Mama yao alipofariki Sedekia alikuwa na miaka sita, na Sekela ndiye aliyemlea. Shule ilimshinda. Useremala ulimshinda. Lakini mkalishe kwenye kile chumba cha nyuma kilichozungushiwa mablanketi, mpe maiki, uone! Peke yake alikuwa baba, mama, mtoto, polisi na mbwa. Watoto wa Mbalizi waliigiza anavyocheka. Sauti ile ndiyo kazi yake na ndiyo heshima yake, na Sekela alijivunia kuliko yeye mwenyewe.

Sasa mtafsiri wa muvi hutegemea maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Kwenye dakika ya arobaini na saba, mganga wa Kiindonesia anakaa kwenye mkeka na kuita roho kwa lugha yake, na maandishi hayakusema kitu. Sekunde arobaini, patupu. Sedekia akatoka kuuliza afanyeje.

"Weka ya nyumbani," Sekela akamwambia. "Fanya kama baba alivyokuwa akifanya makaburini Kalenga. Watu wasikie kitu cha kwao, waogope."

Ni yeye aliyesema. Hakuna mwingine.

Sedekia akafanya. Akawaita kwa Kihehe, mmoja mmoja, kama alivyomsikia marehemu baba yao Sosthenes akiwaita wazee siku za tambiko, na la mwisho akaweka jina alilolipenda kwa jinsi lilivyotamkika vizuri, Saulo, akaliita mara tatu kwa sauti ya chini. Kwenye picha mtoto akapiga ukelele, mganga akakatishwa, na Sedekia naye akaishia hapo hapo.

Haya. Sasa Sekela akaipeleka flashi ya Anord mpaka dakika hiyo na kuongeza sauti.

"Saulo," ikaita sauti ya Sedekia. "Saulo. Saulo."

Na pembeni, karibu kabisa na maiki, mtu akasafisha koo. Mara mbili. Koo la mzee.

"Umesikia?" Anord akanong'ona.

"Ni Sedekia huyo, mafua." Akarudisha nyuma ili ahakikishe. Safari hii, baada ya kukohoa, ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayeinuka kwenye kiti cha chini. Akarudisha tena. Baada ya pumzi, mtu akaitika, "Ee."

Anord aliondoka bila flashi yake.

Sedekia alipotoka chumba cha nyuma kuulizwa, alifungua mdomo na sauti ikatoka imekwaruza. "Mimi sikukohoa, dada. Nilikuwa peke yangu." Alisema ni baridi tu. Kesho yake ilikwaruza zaidi. Alhamisi ilikuwa mnong'ono, na Jumamosi ilibidi umsogelee mdomoni ili umsikie.

Na hapo ndipo Sekela alipoanza kupandwa na hasira. Zahanati wakampa dawa ya koo na kumwambia apumzike. Mchungaji Benjamini akaja, akaomba vizuri tu, kisha akauliza kama Sedekia anasamehe watu. Rozalia wa chipsi akasema hilo ni jini, yeye anamjua fundi mmoja anayatoa kwa kombe na ubani. Kila mtu alikuwa na jibu, na kila mtu, baada ya kutoa jibu lake, aliuliza kitu kimoja: "Hiyo muvi unaweza kuniwekea?"

"Siweki!" alifoka. "Ifuteni! Mnamuumiza mtoto wa watu!"

Jamani, umewahi kumwambia mtu wa Mbalizi asiangalie kitu? Ilikuwa kama amewatangazia. Wale wasiokuwa nayo waliinakili kwa wenzao. Walikaa saluni, gereji, kwenye vibanda vya mitumba, mchana kweupe, wakirudisha dakika ya arobaini na saba na kubishana ni nani aliyemsikia mzee akiitika mara nyingi zaidi. Kila waliporudia, Sedekia alishika koo. Sekela aliona kwa macho yake: kicheko kinatoka kwa kinyozi, na mdogo wake huku anajikunja kana kwamba amevutwa uzi ndani ya shingo. Na ugoro uliendelea kunuka dukani, hata baada ya kupiga deki na kufungua milango yote.

Wiki ya pili akampigia shangazi yake Faustina, dada wa baba yao, aliyebaki Kalenga akilima nyanya. Alipomaliza kueleza, akasikia ndoo ikianguka upande wa pili.

"Shangazi?"

"Mmemwita Saulo," Faustina alisema polepole. "Kwa muvi."

"Sisi tulijua ni mmoja wa wazee tu."

"Mlijua nini nyie? Baba yenu alimtaja wa mwisho, hamkujiuliza kwa nini? Yule ni mdogo wake babu yenu. Alifukuzwa hapa nyumbani akafia Madibira, na hakuna aliyekwenda kumzika. Tukiita wazee lazima tumtaje na yeye, maana asipotajwa anakasirika. Lakini akishatajwa tu, hapo hapo tunamwaga unga na kumuaga. Tunamwambia, chako umepata, rudi huko huko. Huyo hakaribishwi, Sekela. Anatajwa ili aondoke."

"Sedekia hakumuaga. Mtoto alipiga ukelele, akaishia hapo."

"Basi amekuja, na hajaambiwa arudi. Na kila mkibonyeza hicho kidude chenu mnamwita upya. Anashika kinywa kilichomwita, maana ndicho kilichomkaribisha." Faustina akashusha pumzi. "Mimi ni Mkatoliki, nimeimba kwaya miaka thelathini, haya mambo sitaki hata kuyasikia. Lakini nakuja. Mdomo uliomwita ndio umuage, na uwe bado una sauti."

Alifika kesho yake mchana, na unga wa ulezi kwenye mfuko wa rambo, akiwa amenuna. Alisimama mlangoni akanusa. "Kumbe mnaishi naye," alisema, akaingia moja kwa moja chumba cha nyuma.

Sekela akafungua maiki ili arekodi. Nje jua lilikuwa linawaka, watu wanauza maparachichi, pikipiki zinapita, na ndani ya mablanketi yale Sedekia alipiga magoti mbele ya shangazi yake akajaribu kutoa maneno aliyofundishwa, yakakwama, akajaribu tena, na kwenye spika za masikioni Sekela akawa anasikia kila neno la mdogo wake likifuatwa na jingine lile lile kwa sauti ya kizee, nyuma yake kidogo, kama mtoto anayemfuatisha mwalimu, na pumzi ya ugoro ikimpata shingoni ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta tu, mpaka Faustina alipomwaga unga kuanzia miguuni kwa Sedekia hadi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na Sedekia, jasho likimtiririka, akasema kwa sauti yake mwenyewe, dhaifu lakini yake, "Chako umepata. Rudi huko huko."

Safari hii sauti ya kizee haikufuata. Harufu ikakatika.

Sekela alilia kwa furaha. Faustina hakulia. "Sikiliza," alisema. "Kila muvi inapomwita, imuage papo hapo. Usiache hata moja ya zamani. Na usimharakishe huyu kusema. Akianza kusema, kwanza sikiliza anamwitikia nani." Jioni hiyo hiyo akapanda basi la Iringa, nyanya zilikuwa zinaiva.

Sekela akaunganisha maneno ya kuaga kwenye muvi. Lakini kuyapachika pale pale katikati ya ukelele wa mtoto haikuwezekana bila kuharibu muvi, hivyo akayaweka mwishoni, pale majina ya waigizaji yanapopita. Muvi ni muvi, alijiambia. Mtu ataangalia mpaka mwisho. Siku tatu alizunguka Mbalizi nzima akikusanya flashi, saluni kwa saluni, akifuta ya zamani na kuweka mpya, bure kabisa. Siku tatu hizo Sedekia alikunywa uji, akalala, koo likapoa. Hakusema, lakini alitabasamu, na Sekela akaanza kuimba akifagia.

Siku ya nne, saa saba mchana, akasikia toka ng'ambo ya barabara.

"Saulo. Saulo. Saulo."

Alisubiri muvi iendelee. Haikuendelea. Ukimya mfupi, kisha tena: "Saulo. Saulo. Saulo."

Alivuka barabara mbio, pikipiki nusura imgonge. Ndani kwa Anord walijaa watu kama kumi, wengine wana povu la sabuni kidevuni.

"Anord! Si nimekuwekea mpya?"

"Ndiyo hii mpya, dada."

"Mbona hamfiki mwisho?"

Anord alimshangaa kweli. "Mwisho tuliuona siku ile ulipotuwekea. Hauna kitu, maneno matupu na majina ya Waindonesia. Sisi tunairudia dakika ya arobaini na saba." Akaonyesha kidole upande wa duka la Sekela, kwenye karatasi ya mlangoni na kalamu yake nyekundu. "Si wewe mwenyewe umeandika?"

Sekela alichomoa waya wa televisheni ukutani, watu wakazomea, akatoka. Lakini gereji walikuwa wanaiangalia. Na mama wa mitumba, kwenye simu, na mwanafunzi mmoja amekaa juu ya tofali. Kila mahali dakika ile ile, kila mahali mtu anarudisha nyuma kabla mtoto hajapiga ukelele. Alitaka kupiga kelele na yeye. Angemwambia nani? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Aliporudi dukani, Sedekia alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Dada yangu," Sedekia akasema.

Sauti ilikuwa nzima! Nzito, safi, haina hata mkwaruzo. Sekela alimkumbatia, akamshukuru Mungu, akamshika mashavu, na ndipo puani ikamwingia harufu ya ugoro. Akamwachia taratibu. Macho yakamwenda kwenye meza ya kuchajia, kwenye zile simu na waya zake, na akakumbuka yule mzee wa koti la sufi. Alimwona siku Anord alipokuja na malalamiko. Alimwona na siku ya zahanati, na siku ya mchungaji, na siku Faustina alipoingia, amekaa hapo hapo, amenyamaza. Hakuwahi kumpa simu yoyote. Hakuwahi kumwuliza anasubiri nini.

Benchi sasa lilikuwa na Sedekia tu.

"Sedekia," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee aliyekuwa anakaa hapa yuko wapi?"

Mdogo wake akasafisha koo. Mara mbili.

Ng'ambo ya barabara Anord alikuwa amerudisha waya ukutani. Sauti ya Sedekia, ile ya kweli, ile aliyoilea tangu ana miaka sita, ikatoka kwenye spika za kinyozi, ikavuka barabara, ikaingia dukani.

"Saulo. Saulo. Saulo."

"Ee," akaitika aliyekaa kwenye benchi. "Nimeshafika."