Wosia wa Shangazi Mpiga Picha

Kila siku akirudi shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa miguu, akala kilichobaki jikoni akiwa amesimama, halafu akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Chumbani kwake, mnasikia? Miaka yote binti huyu alikuwa amelala kitanda kimoja na wadogo zake mapacha, wenye mateke kama punda na wasiojua kabisa maana ya kuamka kwenda msalani. Sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa na chumba, kitanda na ufunguo. Mwingine angeruka mpaka darini.

Yeye hakuruka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua daftari la hesabu, akajitahidi asitazame juu, kwa sababu huko juu, ukuta mzima, kulikuwa na watu.

Chumba hicho kilikuwa studio ya shangazi yake, mpiga picha. Shangazi alikijenga kwa jasho lake mbele ya nyumba ya kaka yake, mlango ukitazama barabara, akapiga picha humo miaka thelathini. Hakuolewa, hakuzaa, na wala hakuonekana kujutia. Ukutani alitundika picha za wanafunzi wa darasa la mwisho wa shule ya jirani, mwaka baada ya mwaka, wa mbele wameketi mikono magotini, wa nyuma wameinua videvu. Hata baba yake Chiriku alikuwemo, kadogo, masikio yamesimama. Ukikaa kona hii, wanakutazama. Ukihamia ile, macho yamekufuata. Na nyuma ya pazia jeusi, ndani ya chumba cha giza alimosafishia picha, bomba lilidondosha maji tone kwa tone. Baba alikuwa amelikaza mara mbili, halikusikia.

"Hodi! Mpiga picha, zangu tayari?"

Chiriku alishtuka hadi kalamu ikaanguka. Hao ndio walikuwa wabaya kuliko picha: wateja wasiojua. Karibu kila siku mmoja alibisha mlango wa mbele, naye akalazimika kufungua na kusema maneno yaleyale.

"Shangazi amefariki, mama. Mwezi wa pili sasa."

"Weee! Mtoto, usinitanie! Si alinipiga juzi tu hapa, akaniambia nifunge mdomo nionekane mwembamba?"

"Amefariki kweli, mama. Subiri nikutafutie bahasha yako."

Shangazi aliweka kazi ya kila mteja kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina juu, akaipanga ndani ya sanduku la picha zisizochukuliwa. Chiriku alipekua kwa ncha za vidole, haraka haraka, kama mtu anayetoa kitu kwenye moto. Maana chini kabisa ya sanduku ilikuwamo bahasha moja iliyoandikwa *Mwalimu Mkuu*, na haikuwa na picha. Aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyeichimbia humo.

Ilikuwa hivi. Wiki moja kabla shangazi hajapelekwa hospitali, alimwita Chiriku akampa bahasha ile.

"Mpelekee mwalimu mkuu mkononi mwake. Mwambie aniwekee kwenye kabati la chuma la shule. Usimpe mlinzi, usimpe karani. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Alielewa, lakini njiani vidole vilimwasha. Gundi ilikuwa bado mbichi, akaifungua. Ndani kulikuwa na wosia, umesainiwa na shangazi na mashahidi wawili. Uliandikwa kwa mwandiko uleule wa kwenye bahasha: chumba cha studio, kamera zote na vifaa vyote, anaviachia shule, ili kiwe darasa la watoto kujifunza kazi ya picha. *Watoto wa shule hii ndio walionilisha miaka thelathini*, aliandika.

Chiriku akatafuta jina lake. Alisoma juu mpaka chini, chini mpaka juu. Halikuwamo. Yeye aliyemfagilia studio, aliyemshikia taa, aliyeambiwa na mama yake kwa mzaha, "Chumba hiki siku moja kitakuwa chako"! Akarudi nyumbani, akaisukuma bahasha chini ya nyingine zote, akajiambia ataipeleka kesho. Kesho ikawa na kesho yake.

Na jambo lenyewe lililomnyima usingizi halikuwa hilo hata kidogo. Lilikuwa hili: hospitalini, shangazi akiwa amekonda mpaka pete inamtoka, alimshika mkono akamuuliza, "Ulimpa mwalimu?"

"Nilimpa, shangazi."

"Haya. Basi nimetulia."

Akafumba macho. Chiriku hakumwona tena akiwa hai.

Jumatano moja, fundi cherehani wa nyumba ya pili alipita kumrudishia mama sare za mapacha. Chiriku alikuwa anaosha sahani.

"Mama Mapacha," fundi alisema akiketi bila kukaribishwa, maana hakuwa mgeni, "hivi ule wosia wa wifi yako mliupata?"

"Wosia gani tena, mwenzangu?"

"Alituita mimi na muuza duka, akasaini mbele yetu, nasi tukasaini. Ulisemaje, sijui. Shahidi anashuhudia mkono wa mtu, hachunguzi siri zake."

Mama aliacha kukunja nguo. "Tumepekua kila mahali. Kabatini, chini ya godoro, mpaka ndani ya viatu. Labda wifi yangu alibadili mawazo akauchana."

"Yule? Yule hakuwa mtu wa kuchana kitu!"

"Sasa tufanyeje? Baba yao ameshapata mtu, Jumamosi anakuja kuchukua kamera zote. Chiriku! Wewe ndiye ulikuwa mkia wa shangazi yako. Hukuona karatasi?"

Maji yakawa baridi ghafla.

"Sijaona, mama."

"Huyu naye amekuwaje?" fundi alishangaa. "Zamani ukimuuliza kitu kimoja anakujibu kumi, mpaka unatamani kumshona mdomo. Leo maneno mawili!"

Walicheka. Chiriku alirudi chumbani, akajifunika shuka mpaka kichwani, mchana kweupe, jua linawaka. Chini ya shuka alisikia bomba. Akasikia pia, au alidhani amesikia, mtu anasogeza kiti nyuma ya pazia jeusi. Alipofunua, pazia lilikuwa limetulia, na watoto wa ukutani walimtazama kama watu wanaosubiri jibu.

Ikafika Ijumaa.

Sasa hapa ndipo mnapaswa kusikiliza vizuri. Katika shule ile, Ijumaa ya mwisho ya muhula ilikuwa siku ya picha ya wanaohitimu. Miaka thelathini hakuna aliyetangaza. Kengele ya mapumziko ikilia, wenyewe hujipanga. Na siku hiyo ikalia, na wenyewe wakajipanga! Wavulana walibeba mabenchi mpaka ukutani, wasichana wakalowesha nywele bombani wakazilaza, warefu wakaenda nyuma wakisukumana. Mwalimu mkuu akatoka ofisini amevaa koti lake la siku kubwa, akaketi katikati. Chiriku, ambaye mwaka huo ndio ulikuwa wake wa mwisho, aliketi mstari wa mbele, akaweka mikono magotini. Wote wakainua videvu. Wakanyamaza. Wakatazama mbele, karibu na mlingoti wa bendera.

Pale hapakuwa na mtu.

Walikaa hivyo kitambo, pumzi zimebanwa. Kisha sauti ikatoka nyuma, "Leo amechelewa."

"Nani?" mwingine akauliza.

Ubaridi ulipita kwenye mabenchi, mtu mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka kwa wakati wake. Msichana mmoja akaanza kulia. Mwalimu mkuu akavua miwani.

"Nani aliwaambia mjipange?" aliuliza taratibu.

"Hakuna, mwalimu."

"Hata mimi hakuna aliyeniambia. Nimevaa koti asubuhi bila kufikiri." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilimzika kwa mikono yangu, na leo nimekuja kumkalia picha."

Darasa zima liliendelea kutazama pale pasipo na mtu. Chiriku naye alitazama, na aliona kitu ambacho wenzake hawakukiona: alimwona shangazi akifumba macho kitandani, ametulia, kwa sababu ya uongo wake. Miguu ikamsimamisha.

"Mwalimu, alikuachia bahasha."

"Nani?"

"Shangazi. Ni wosia. Alinipa nikuletee, nikauficha. Ameiachia shule studio na kamera zote. Nami nikamwambia nimekupa, na akafa anaamini nimekupa, na kesho kamera zinauzwa, na... na... mimi nilitaka chumba!"

Maneno ya miezi miwili yalimwagika yote kwa mkupuo mmoja. Mwalimu mkuu hakumkaripia. Alivaa tena miwani, akamshika mkono, wakaenda nyumbani hivyo hivyo, koti la siku kubwa na nywele zilizoloweshwa.

Chiriku alitoa bahasha mwenyewe mbele ya wazazi. Baba alisoma, akakunja uso.

"Kumbe ni wewe! Tumegeuza nyumba nzima juu chini, na wewe umelala juu yake!"

"Nisamehe, baba."

Baba aliukunja wosia, akaurudisha ndani ya bahasha. Kisha alichukua simu, akampigia mnunuzi. "Usije kesho, ndugu yangu. Kamera zina mwenyewe."

Mahakama ilichukua muda wake. Fundi cherehani na muuza duka waliitwa, wakathibitisha saini zao, na wosia ukakubaliwa. Kitanda cha Chiriku kilirudishwa kwa mapacha, mateke na yote. Muhula uliofuata, watoto kumi na wawili waliingia studio kwa mara ya kwanza na mwalimu wao wa picha, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwaita wahitimu wote warudi wapigwe picha yao. Ilitoka imepinda upande, na mwalimu mkuu amefumba jicho moja. Wakaitundika hivyo hivyo.

Siku hiyo jioni Chiriku alimkuta mama uani, akamuuliza swali lililomkwama tangu mwanzo.

"Mama, kwa nini hakuniandika? Hakunipenda?"

Mama alimvuta akamketisha.

"Wewe ndiye alikukabidhi kitu chake cha mwisho. Angekuwa hakupendi, si angempa fundi? Mali aliwapa wengi, uaminifu akakutegemea wewe." "Nikuambie, mwanangu. Ukimdanganya aliye hai, kesho atakuuliza tena, na unaweza kurekebisha. Aliyekufa hana kesho. Alichotaka kukisema amekisema mara ya mwisho, kwenye karatasi. Ukiificha, unamziba mdomo na hawezi kukutoa mkono. Ndiyo maana hukulala. Ulikuwa bado umeushikilia mkono hapo."

"Je, anajua sasa?"

"Hilo sijui mimi. Ninachojua ni kwamba shule imejua, na ndicho alichotaka."

Mama akasimama, akakung'uta nguo.

"Sasa niletee karatasi safi na kalamu."

"Za nini?"

"Nami niandike wangu. Nina cherehani mbili alizoniachia mama yangu, nami sijui hata kushona, na shule yenu haina hata moja ya kufundishia."

Chiriku alikimbia. Aliporudi alishika kalamu mwenyewe, akauliza kwa sauti yake ya zamani, moja juu ya nyingine: cherehani ipi, ile ya mkono au ile ya miguu, na mashahidi watakuwa nani, na bahasha nani ataipeleka?

"Wewe," mama alisema. "Kesho asubuhi, kabla ya kengele."

Na kabla ya kengele, bahasha ilifika.