Kisanduku cha Sabuni Chini ya Breki

“Haikanyagiki! Breki haikanyagiki!”

Mjomba anapiga kelele. Mguu wake unakanyaga, unakanyaga tena, na gari linateremka tu kama limeitwa na mtu kule chini…

Mimi niko kiti cha pembeni. Mkanda sijafunga.

Mbele yetu mteremko. Chini ya mteremko, makutano. Na pale kwenye makutano kuna jamaa wa baiskeli amebeba trei za mayai, anapiga mluzi wake, wala hana habari kwamba kifo kinakuja na taa zake mbili.

“Handibreki mjomba!”

“Kwani unaona nafanya nini?!”

Akaivuta. Gari likalia, likayumba, jamaa akarukia kule, mayai yakarukia huku, na sisi tukaingia pua kwenye lundo la mchanga wa watu wanaojenga.

Puu!

Vumbi tupu.

Mjomba akafungua mlango, akakimbia kumwangalia yule wa baiskeli.

Mimi nikainama kutafuta simu yangu iliyodondoka…

Nikakiona.

Nyuma ya pedeli ya breki, kimejibana pale kama ndiyo nyumbani kwao.

Kisanduku cha sabuni. Cha pinki.

Wapendwa… kisanduku kile nilikiweka mimi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Msinihukumu bado, nafasi ya kunihukumu ipo, tena kubwa.

Nimemaliza shule. Matokeo hayajatoka, kazi sina, nipo nyumbani nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa kwa mjomba, mimi na dada yangu, tangu wazazi wetu watutoke. Dada ndiye mama yangu, ndiye baba yangu. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na ndiye aliyekuwa anasema uongo shuleni kwamba nimechelewa kwa sababu yake.

Sasa nyumba ya mjomba, jamani, ilikuwa na nyaya! Nyuma ya TV pale palikuwa kama kiota cha ndege aliyechanganyikiwa. Ukitaka chaja unavuta, inakuja na pasi.

Nikaona hapa ndipo pangu.

Nikachukua makopo, maboksi ya viatu, yale mabomba ya karatasi ya chooni, nikapanga nyaya zote. Kila waya nikaubandika karatasi: TV NA SIMU. PASI. CHAJA YA ANTI. CHAJA YA ANTI, MBOVU.

Anti ni mke wa mjomba. Alipoona hivyo akapiga vigelegele.

“Huyu ni injinia!”

Jina likanasa. Nyumba nzima, Injinia. Nikawa narekodi video naweka mtandaoni, kabla na baada, watu wanasifia, kichwa kikavimba hadi kofia ikakataa.

Nikahamia kwenye gari la mjomba.

Nilihitaji kisanduku. Bafuni kulikuwa na kile cha sabuni cha dada, kigumu, kina mfuniko, saizi yenyewe. Nikakitoboa matundu, nikatia pawabenki na vichwa vya chaja ndani, nikakibandika chini ya usukani kwa gundi ya pande mbili. Mahali pasipoonekana! Nyaya zote zikapotea. Dashibodi safi kama ya gari jipya.

Dada alitafuta kisanduku chake siku nzima.

“Nani kachukua? Sabuni yangu imelala sakafuni kama yatima!”

Mimi huyo, nimekaa kimya, nacheka kwa ndani.

Halafu nikatundika simu yangu ya zamani pale kwenye kioo cha kati iwe kamera. Ukiwasha gari inaanza kurekodi yenyewe. Na unajua niliielekeza wapi? Ndani! Ya nje haina mvuto, nilitaka watu waione dashibodi yangu.

Kumbe jua la mchana nalo lina kazi yake. Gundi ikalainika…

Haya, turudi kwenye mchanga.

Nikakivuta kile kisanduku. Nyaya zikachomoka. Nikakitia ndani ya shati, nikafunga vifungo.

Nilikuwa niseme. Kweli kabisa nilikuwa niseme! Nilikuwa nasubiri tu mjomba apumue.

Mjomba akarudi, uso kama umepakwa majivu.

“Ni yule kijana. Yule mchumba wa dada yako!”

“Nani… Spana?”

“Si yeye aliyebadilisha breki juzi? Eti bure, bure, mzee usijali! Kumbe bure yenyewe ndiyo hii!”

Spana ni fundi magari. Jumamosi alikuwa awalete wazee wake nyumbani kumposa dada. Dada alikuwa ameshapiga pasi mapazia mara mbili.

“Injinia,” mjomba akanigeukia, “wewe una akili ya vyombo. Unaonaje? Si breki alizofunga yule?”

Kisanduku kinanichoma tumboni. Pembe yake inanigusa kitovu.

Nikajibu.

“Inawezekana, mjomba.”

Neno moja tu. Inawezekana.

Kama ulimi una breki, siku hiyo na yenyewe haikukanyagika.

Mjomba akampigia Spana simu, maneno aliyomwambia siyaandiki hapa. Mimi nikatumwa nimsindikize jamaa wa mayai, gurudumu lake lilikuwa limepinda. Niliporudi, Spana ameshafika, ameshatoka ndani ya gari, amesimama mbele ya mjomba mikono nyuma.

“Mzee, nisamehe. Kosa ni langu.”

Nikashangaa! Anakubali nini huyu?

Nikaanza kujiambia, labda kweli breki zake zilikuwa na shida. Labda kisanduku kilidondoka baadaye, tulipogonga. Ee, moyo wa mwoga haukosi wakili.

Gari likavutwa hadi nyumbani, mjomba akalifunga, ufunguo mfukoni.

Kesho yake mchana, kikao sebuleni. Mjomba kwenye kiti chake, anti pembeni, dada anatazama vidole vyake vya miguu, Spana kwenye stuli karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Mimi nimesimama nyuma ya kochi. Nimeshika kochi.

“Jumamosi hakuna mgeni,” mjomba akasema. “Mtu asiyeweza kufunga breki hawezi kufunga ndoa na mtoto wangu. Nimemaliza.”

Dada hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alisema tu, “Sawa mjomba.”

Anti ndiye aliyelipuka.

“Ngoja kwanza! Wewe una hakika ulikanyaga breki?”

“Unasemaje?”

“Nauliza. Isije ikawa ulikanyaga klachi ukatupotezea mkwe!”

“Mimi? Mimi nikanyage klachi? Naendesha gari huyu Injinia hajazaliwa!”

“Basi si kuna kamera? Injinia si alitundika simu kule? Tuangalie!”

Wapendwa… ile simu nilikuwa nimeisahau.

Damu ilinishuka hadi nikahisi soksi zimekuwa nzito.

“Anti, ile… nadhani haikurekodi.”

“Haikurekodi nini, kitaa chekundu nilikiona mimi mwenyewe asubuhi ile!”

“Ileteni!” Mjomba ameshaudhika, ameshasimama. “Leo mtaona mguu wangu ulikuwa wapi!”

Dada akainua kichwa haraka.

“Mjomba, hapana. Yaishe. Mimi nimeshakubali.”

“Mzee, kweli hakuna haja,” Spana naye akadakia. “Nimeshasema kosa ni langu.”

Nikasema moyoni, asanteni Mungu awabariki! Sikujiuliza hata kidogo kwa nini na wao hawaitaki ile kamera.

Mjomba hasikii la mtu. Simu ikaletwa. Chaji imekwisha.

“Aa, imekufa,” nikasema. “Na chaja yake sijui iko wapi…”

Anti akafungua boksi la viatu. “Si hii hapa? Umeandika, CHAJA SIMU YA ZAMANI.”

“Kuiunganisha na TV sasa, ule waya…”

“TV NA SIMU. Huu hapa. Mwanangu, umetupangia vizuri sana!”

Hakuna sifa iliyowahi kuniuma kama ile.

Picha ikaja. TV kubwa, sauti juu.

Mjomba yumo, anaendesha. Mimi nimo, natafuna chingamu ya bazoka. Halafu, “Haikanyagiki! Breki haikanyagiki!”

“Mnaona? Mnaona mguu?” Mjomba ananyoosha kidole. Mguu wenyewe hauonekani, lakini goti linapanda na kushuka, upande wa breki kabisa.

“Haya, nimeona,” anti akasema. “Zima basi.”

Nikaruka kuzima.

“Acha!” mjomba akasema.

Puu! Mchanga. Vumbi. Mjomba anatoka.

Halafu… mimi.

Mimi nainama. Mimi nainuka. Mkononi kitu cha pinki, nyaya zinaning’inia kama matumbo ya kuku. Naangalia kushoto. Naangalia kulia. Nakitia ndani ya shati.

Hata friji ilinyamaza.

Na TV haina huruma, ikaendelea.

“Injinia, wewe una akili ya vyombo. Unaonaje?”

“Inawezekana, mjomba.”

Jamani, mmewahi kusikia sauti yenu wenyewe mkatamani ingekuwa ya mtu mwingine?

Nikadhani yameisha. Nikadhani hapo ndipo chini kabisa, hakuna pa kuanguka zaidi.

Kumbe bado.

Picha ikaendelea, gari tupu kwa muda, halafu mlango ukafunguliwa. Spana. Akaketi kiti cha dereva, akawasha tochi ya simu, akazama chini. Akainuka na kitu kidogo, akakigeuza mbele ya macho.

Mfuniko. Mfuniko wa pinki. Mimi nilichukua kisanduku, mfuniko ulibaki.

Akapapasa chini ya usukani, vidole vikatoka na uzi wa gundi. Akapiga simu.

“Mpenzi… kile kisanduku chako cha sabuni kilichopotea, ni cha rangi gani?”

Kimya.

“Pinki. Sawa… Hapana, usiulize. Ni mdogo wako, alikibandika vibaya. Ameshakitoa, naona ameogopa.”

Upande wa pili dada anaongea, hatumsikii.

“Najua. Mjomba wako atamfukuza, hana pa kwenda. Sawa, sawa usilie. Breki nimefunga mimi, nitasema ni mimi. Gereji nimezoea kutukanwa.”

Akautia mfuniko mfukoni, akatoka.

Kioo kikawa cheusi.

Walijua.

Wote wawili walijua tangu siku ile ile. Dada alikaa sebuleni akasikia ndoa yake ikivunjwa, akasema “sawa mjomba”, na mimi nimesimama nyuma yake nimeshika kochi!

Mjomba alinigeukia polepole. Nikajiandaa, kofi, mkanda, chochote. Ningelipokea kwa mikono miwili.

Hakunigusa.

“Injinia. Nilikuwa na mpango wa kukufukuza? Unaonaje?”

Nikatazama sakafu.

“Inawezekana?”

Halafu akamwendea Spana. Mtu mzima yule, mvi zile, akainama mbele ya kijana, akashika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

“Baba, nimekutukana bure. Nisamehe.”

“Mzee, jamani, inuka…”

Mjomba wangu kuinama vile kwa sababu yangu! Ningekuwa waya ningejikunja mwenyewe nikaingia kwenye boksi.

Nikamfuata dada hadi jikoni.

“Dada… niliogopa.”

Alikuwa anaosha kikombe kilichokuwa safi tayari.

“Niliogopa tu atanikaripia…”

Akaniangalia. Hakupandisha sauti.

“Mimi nilikubali kukosa mume kwa ajili yako. Wewe hukukubali kukaripiwa kwa ajili yangu.”

Akarudi kwenye kikombe chake.

Jumamosi wageni walikuja. Walicheka, walisifia mapazia. Mimi nilijipa kazi ya vyombo, sikutoka jikoni. Spana akaja mlangoni, suti imembana mabega.

“Shemeji, toka ukae na watu bwana. Mimi mwenyewe kule naogopa.”

Nilimwambia nakuja. Sikwenda.

Video za gari nimezifuta. Mliokuwa mnaniuliza zimeenda wapi, ndiyo hiyo sababu. Na lile jina nalo limekufa. Anti bado linamponyoka, “Inji…” anameza. Dada haniiti chochote. Ananiita “wewe”. Wewe, chakula. Wewe, funga mlango.

Kisanduku nilikirudisha. Spana aliuleta mfuniko, dada akavichukua vyote viwili bila neno, akavirudisha bafuni pale pale, na sabuni yake ndani. Kina yale matundu yangu manne ya kupitishia nyaya.

“Angalau sasa kinachuja maji,” anti alisema, tukacheka wote isipokuwa dada.

Kila asubuhi nikienda kuoga kinanitazama.

Kwa hiyo wadogo zangu, wakubwa zangu, mnaopenda kupangapanga vitu kama mimi. Kwenye gari usibandike kitu chochote juu ya miguu ya dereva, hata kiwe kidogo vipi, hata video iwe tamu vipi. Na ukikosea, sema. Sema pale pale, kwenye vumbi, wakati kosa lako bado lina ukubwa wa kisanduku cha sabuni.

Mimi sikusema. Leo nimesema kwenu watu wote, na mtu mmoja niliyetakiwa kumwomba msamaha, dada, yuko chumba cha pili, nasikia anakunja nguo…

Ngoja nikagonge.